Dhahabu iko Ituri, wajeolojia wanatoka wapi?

Bunia ni mji unaoishi na dhahabu kila siku. Mnunuzi anaipima mjini, mchimbaji anaitafuta Mongbwalu, na SOKIMO, kampuni ya serikali, iko na makao yake hapa hapa. Lakini kijana wa Bunia mwenye kutaka kusomea jeolojia, yaani elimu ya mawe na ardhi, mara nyingi inabidi afunge mizigo aende mbali.

Mambo yalianza vipi?

Mwaka wa 1903 watafuta-madini kutoka Australia waliona dhahabu upande wa Kilo, na uchimbaji ukaanza 1905. Kampuni ya Kilo-Moto iliundwa 1926. Mwaka wa 1966 serikali iliichukua, na SOKIMO ya leo ndiyo mrithi wake. Wakati wa ukoloni, ramani na vipimo vilikuwa kazi ya Wazungu. Mkongomani alipewa sululu na beleshi. Alama ya mgawanyo huo bado inaonekana: wenye kujua kuchimba ni wengi, wenye kusoma ramani ya chini ya ardhi ni wachache.

Masomo yanapatikana wapi?

Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chenye mizizi ya mwaka wa 1955, kinajulikana sana kwa jeolojia na madini. Kinshasa pia wanafundisha, na Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu kiko na idara ya jeolojia. Toka Bunia mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 1,500 kwa njia ya anga. Mzazi anahesabu tiketi, nyumba ya kupanga, chakula, tena safari za mafunzo, kwa sababu jeolojia haisomwi darasani peke yake. Bukavu iko karibu zaidi, lakini mwanzoni mwa 2025 M23 iliteka Goma na Bukavu, na safari ikawa ngumu zaidi. Hata hapa Ituri, jimbo lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, mwanafunzi hawezi kwenda kupima mawe kila mahali anapotaka.

Kazi gani zinamngoja?

Wengi wanafikiri moja kwa moja mgodi wa Kibali, jimbo la Haut-Uele, ulioanza kutoa dhahabu 2013. Barrick na AngloGold Ashanti kila moja iko na asilimia 45, SOKIMO asilimia 10. Lakini kazi ni zaidi ya hiyo:

- SAEMAPE, idara ya serikali ya kusaidia wachimbaji wadogo;
- kutafuta maji ya visima na kuchunguza udongo kabla ya kujenga barabara ama daraja;
- kuchunguza volkano, kama Goma, ambako Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021;
- mafuta ya Ziwa Albert. Ng'ambo ya ziwa, Uganda iligundua mafuta 2006, na 2009 ikaanzisha chuo cha mafuta Kigumba, miaka mingi kabla ya kuanza kuyauza.

Marekani, Uingereza na Australia, wanafunzi wa jeolojia wamepungua katika miaka hii kumi ya mwisho, wakati dunia inatafuta shaba, kobalti na litiamu kwa ajili ya betri.

Kwa nini inamhusu mwananchi?

Sheria ya madini ya 2018 imeweka ushuru wa asilimia 3.5 juu ya dhahabu ya makampuni. Katika pesa hizo, jimbo linapata asilimia 25, na eneo lenye mgodi asilimia 15. Kampuni inapaswa pia kukubaliana na wakaaji juu ya daftari la majukumu: shule, maji, barabara. Lakini kama kijijini hakuna mtu wa kuelewa ripoti ya kiasi na ubora wa madini, nani atahakikisha hesabu? Mwenye ramani ndiye anayeongoza mazungumzo.

Kwa mwanafunzi wa sekondari

Anayevutwa na kazi hii achague mapema sehemu ya sayansi, ashike vizuri hisabati, fizikia na kemia, na apite mtihani wa serikali. Kabla ya kulipa pesa ya masomo popote, aulize mambo matatu: chuo kinatambuliwa na serikali? Kiko na maabara? Kinawapeleka wanafunzi staji, yaani mafunzo ya kazini? Diploma bila staji, mlango wa kazi unafunguka kwa shida.