Disketi ya Daktari wa Nyani

Mwezi Desemba mwaka 1989 bahasha zilianza kuwafikia watu kwa posta, Ulaya, Afrika na kwingineko. Zote pamoja zilikaribia 20,000. Ndani ya kila bahasha mlikuwa na disketi moja, zile pana za inchi tano na robo ambazo ukizishika vibaya zinapinda, pamoja na kikaratasi cha bluu cha maelekezo. Lebo ya disketi ilisema kwa Kiingereza kwamba humo mna taarifa za UKIMWI. Mtumaji alijiita PC Cyborg Corporation. Kampuni gani hiyo? Hakuna aliyewahi kuisikia.

Waliotumiwa hawakuokotwa barabarani. Wengine walikuwa wasomaji wa jarida la kompyuta la Uingereza, PC Business World, ambalo orodha ya anwani za wateja wake ilinunuliwa kama mtu anavyonunua nyanya sokoni. Wengine walikuwa madaktari na watafiti waliohudhuria mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliofanyika Stockholm mwaka 1988. Hapo ndipo kisa hiki kinapoanza kuniuma, kwa sababu mtego haukutegwa kwa walafi. Ulitegwa kwa watu waliokuwa wakitafuta namna ya kuokoa roho za wenzao.

Ebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1983 wanasayansi wa Taasisi ya Pasteur, Ufaransa, walitangaza kukipata kirusi ambacho baadaye kilijulikana kuwa ndicho chanzo cha UKIMWI. Mwaka huohuo wagonjwa wa kwanza wa Tanzania wakatambuliwa mkoani Kagera. Watu wa kule waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikivushwa mpakani na wafanya magendo. Na mwaka huohuo tena, huko Marekani, mwanafunzi mmoja aitwaye Fred Cohen akaandika programu ndogo iliyoweza kujinakili yenyewe ndani ya programu nyingine, na mwalimu wake Leonard Adleman akapendekeza iitwe virusi. Mambo matatu, mwaka mmoja. Mtunzi wa riwaya akiyapanga hivyo, mhariri atamwambia amezidisha chumvi.

Basi fikiria wewe ni mganga wa hospitali ya wilaya mwaka 1989. Tiba hakuna. Dawa ya AZT imeruhusiwa Marekani tangu 1987, lakini bei yake si ya wilayani kwako. Wagonjwa wanapungua uzito mbele ya macho yako na wewe unasubiri majarida ya kitabibu yanayofika yakiwa yamechelewa miezi. Halafu posta inakuletea disketi ya taarifa za UKIMWI, bure kabisa. Usingeifungua? Mimi ningeifungua.

Na ukiifungua, haikukudanganya kabisa. Ilikuuliza maswali kuhusu mwenendo wako, ikakupimia uko katika hatari kiasi gani ya kuambukizwa, kisha ikakupa na ushauri. Programu ilifanya ilichoahidi, na huo ndio ufundi wa matapeli wote wanaojua kazi yao. Tapeli wa Kariakoo naye, kabla hajakuuzia kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu, kwanza anakushikisha simu ya kweli uibonyeze mwenyewe.

Kile kikaratasi cha bluu ndicho kilichokuwa na mambo. Nyuma yake palikuwa na masharti kwa maandishi madogo, yakisema kwamba ukiipakia programu hii una deni kwa PC Cyborg, na usipolipa kompyuta yako haitafanya kazi kama kawaida. Yaliongeza hata kwamba huenda dhamiri ikakusumbua maisha yako yote. Yaani jamaa alikuonya kabisa! Alijua tu kwamba hakuna anayesoma masharti. Wangapi kati yetu tunayasoma leo kabla ya kubonyeza “Nakubali”?

Ilivyofanya kazi ni hivi. Ukishaipakia, ilibadilisha faili moja liitwalo AUTOEXEC.BAT, ambalo kompyuta za wakati ule zililisoma kila zilipowashwa. Kuanzia hapo ikaanza kuhesabu. Umewasha mara moja, umewasha mara mbili, na mambo yote shwari. Ukafanya kazi zako wiki, ukafanya mwezi, disketi ukaisahau. Ilipofika kama mara ya 90, ikaficha mafolda na kuvuruga majina ya mafaili yote katika diski kuu, ukabaki unatazama kioo chenye dai la malipo. Dola 189 kwa matumizi 365, au dola 378 kwa maisha yote ya diski. Pesa zipelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama.

Wataalamu hawakiiti kitu hiki virusi hasa, maana hakikujinakili kutoka mashine hadi mashine. Wanakiita farasi wa Troya, kwa kile kisa cha askari wa Kiyunani waliojificha ndani ya farasi wa mbao na wenyeji wakamvuta wenyewe hadi ndani ya mji. Virusi halisi vilikuwa vimeshaanza safari yake. Mwaka 1986 ndugu wawili wenye duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitengeneza kimoja kiitwacho Brain, tena wakaandika ndani yake majina yao, anwani ya duka na namba ya simu. Ukilinganisha na mtu wa Panama, hao walikuwa waungwana.

Sasa huyo mtu wa Panama ni nani? Jina lake Joseph Popp, Mmarekani, mwenye shahada ya udaktari wa falsafa kutoka Chuo Kikuu cha Harvard. Somo lake lilikuwa mageuzi ya viumbe, na utafiti wake ulihusu nyani. Ndiyo, nyani, na nyani wenyewe ni hawa wa kwetu, kwani alifanya utafiti wake Afrika Mashariki, na Kenya aliifahamu vizuri. Alikuwa pia na uhusiano na Shirika la Afya Duniani katika kazi za UKIMWI. Kwa maneno mengine, aliowatega aliwajua. Alijua wanachokitafuta usiku na mchana, akakifunga ndani ya bahasha.

Alikamatikaje? Wakati bahasha zikiendelea kuwafikia watu, Popp alikuwa Nairobi kwenye semina ya WHO kuhusu UKIMWI. Akiwa njiani kurudi kwao, kwenye uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, alianza vituko. Alichukua begi la msafiri mwingine akaandika juu yake kwamba Dakta Popp amelishwa sumu. Polisi walipompekua wakakuta mhuri wa PC Cyborg. Walimwachia akaendelea na safari, lakini habari zikafika London, na mapema mwaka 1990 akatiwa mbaroni nyumbani kwa wazazi wake jimboni Ohio, kisha akapelekwa Uingereza kujibu mashtaka ya kudai fedha kwa vitisho.

Kesi haikufika popote. Inaelezwa kwamba alikuwa akivaa kondomu puani na kujifunga rola za nywele kwenye ndevu ili kujikinga na mionzi. Novemba 1991 hakimu akaamua kwamba mtu huyu hana akili timamu ya kusimama kizimbani, akarudishwa kwao. Wengine wanasema alikuwa mgonjwa kweli, wengine wanasema alizuga. Upande wake ulidai fedha hizo zingekwenda kwenye utafiti wa UKIMWI. Mimi nashindwa kuliamini hilo. Anayetaka kuchangia utafiti hawafungii watafiti mafaili yao. Miaka ya baadaye bustani ya vipepeo iliyobeba jina lake ilifunguliwa mji wa Oneonta, jimbo la New York. Haya.

Lakini mtu ninayempenda zaidi katika kisa hiki ni mwingine, Mwingereza aitwaye Jim Bates. Yeye aliichukua ile disketi, akaichambua kipande kwa kipande, na mapema mwaka 1990 akachapisha alichokiona katika jarida la Virus Bulletin. Aligundua jambo moja kubwa: maandishi ya watu hayakuguswa. Kilichovurugwa ni majina ya mafaili tu, na kwa kanuni rahisi inayoweza kugeuzwa. Ni kama mtu ameingia maktaba usiku, akabandua majalada ya vitabu vyote na kubandika mengine ya uongo. Vitabu vyenyewe vipo. Bates akatengeneza programu mbili, AIDSOUT ya kuing'oa disketi hiyo kwenye mashine na CLEARAID ya kurudisha majina, akazigawa bure.

Kwa baadhi ya watu alikuwa amechelewa. Walipoona tu vile vioo vyao walipatwa na kiwewe, wakafuta diski nzima kwa mikono yao wenyewe ili wasafishe uchafu. Inasimuliwa kwamba taasisi moja ya utafiti wa UKIMWI nchini Italia ilipoteza kazi ya miaka kumi kwa namna hiyo. Popp aliwaibia majina ya mafaili. Hofu ndiyo iliyowamalizia yaliyobaki.

Mnisamehe nikitoka London na kuingia mtaani kwetu, maana hii habari ya kufuta kwa hofu naijua sana. Mwandishi mwenzangu mmoja, dada anayeandika riwaya, alikuwa na sura 11 ndani ya flashi. Akaenda kuprinti sura moja kwenye steshenari, flashi ikachomekwa kwenye ile kompyuta ya pale ambayo kila mtu anachomeka yake. Alipofika nyumbani mafaili yote yalikuwa yamegeuka vijialama vyenye mshale. Akarudi. Kijana wa steshenari akaitazama sekunde mbili akasema, “Dada, hii imekufa, tuifomati tu.” Wakaifomati. Sura 11 zikaenda na maji.

Sasa sikiliza. Virusi vya namna ile kwa kawaida havifuti kitu. Vinayaficha mafaili halisi na kuweka mishale ya uongo mahali pake, ili kila ukibonyeza mshale ukiamshe kirusi kwanza. Ni mchezo uleule wa mwaka 1989. Flashi kama ni herufi F, unafungua lile dirisha jeusi la amri la Windows, unaandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* halafu unabonyeza Enter. Mafaili yanajitokeza, kazi yako ileee. Unainakili kwingine, ila maandishi tu, usibebe ile mishale wala programu usizozijua. Hapo ndipo unaweza kuifomati flashi kwa raha zako. Amri yenyewe ni mstari mmoja tu, na kijana wa steshenari hakuijua.

Virusi vya flashi vilipata mteremko kwa sababu Windows ilikuwa na tabia ya kuiendesha programu ya flashi au CD yenyewe mara inapochomekwa, bila kumuuliza mwenye nyumba. Conficker, aliyeanza kusambaa mwishoni mwa 2008, alipita kwenye mtandao na kwenye flashi pia. Mwaka 2011 Microsoft ikatoa rekebisho la kuizima tabia hiyo kwa flashi hata kwenye Windows za zamani. Ila rekebisho linamfikia anayesasisha mashine yake, na sisi tunaozima masasisho ili kuokoa bando tunajijua.

Kuhusu programu za kijasusi sina mengi. Hizo hazifichi kitu wala hazidai hela. Zinakaa kimya zinakusanya, pengine kila herufi unayoibonyeza, nywila ikiwemo. Njia yake kuu hapa mjini ni “kraki”, yaani programu ya kulipiwa iliyovunjwa kufuli ili uitumie bure. Mtu anayekupa bure kitu cha mamilioni, na sharti lake la kwanza ni uzime kinga ya kompyuta kabla ya kukipakia, anakuingiza mkenge mchana kweupe. Kwa kuandika riwaya LibreOffice inatosha, ni ya bure kihalali. Na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kinga inakuja humohumo ndani ya Windows, kazi yako ni kuiacha ifanye kazi.

Mtindo wa Popp haukufa, ulisubiri tu mafundi wazuri zaidi. Mwaka 1996 watafiti wawili, Adam Young na Moti Yung, walionyesha kosa lake: ufunguo wa kufungulia aliuacha ndani ya disketi, ndiyo maana Bates aliweza. Wakaeleza namna ufunguo unavyoweza kubaki kwa mhalifu peke yake. Mwaka 2013 CryptoLocker akafanya hivyohivyo, na safari hii maandishi yenyewe ndiyo yaliyofungwa, si majina. Sanduku la posta la Panama nalo likapata mrithi, bitcoin. Mei 2017 akaja WannaCry, akapiga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Rekebisho la tundu alilopitia lilikuwa limetolewa Machi, miezi miwili kabla.

Dhidi ya hao wa sasa hakuna amri ya attrib wala CLEARAID ya kutegemea. Kuna nakala tu, tena nakala isiyochomekwa kwenye mashine, maana iliyochomekwa nayo itafungwa pamoja na nyingine.

Yule dada ameziandika upya sura nane kati ya zile 11. Ana flashi mbili. Moja anatembea nayo. Ya pili inakaa Morogoro kwa shangazi yake, ndani ya kopo la chai, na kila anapokwenda kumsalimu huibadilisha na ile aliyokuja nayo. Kuprinti anaprinti steshenari ileile, ila siku hizi anapeleka sura moja tu, kwenye CD iliyofungwa isiandikike tena, na kijana wa pale anamcheka kwamba yeye ni mtu wa zamani.