Hodi kwenye Mlango Uliochorwa

Mwaka 2008 nilitoka nyumbani Kikuyu nikatembea mpaka mjini Dodoma nikiwa na kikaratasi mfukoni. Kwenye kikaratasi niliandika kitu kimoja tu, anwani ya tovuti niliyoinakili kutoka kwenye Prison Break. Si unakumbuka wakati ule? Kila mwenye deki mtaani alikuwa na Prison Break. CD zilizunguka nyumba hadi nyumba mpaka zikachubuka, na ukifika sehemu tamu picha inaganda. Katika msimu wa 2 wafungwa wametoroka, wametawanyika, na wanaachiana ujumbe kwenye tovuti yenye jina la ndege: europeangoldfinch.net. Nilisimamisha picha, nikaandika herufi moja moja.

Kwenye intaneti kafe nikalipia nusu saa. Nikaandika, nikabonyeza, nikasubiri. Ukurasa haupatikani. Nikajaribu tena, haupatikani. Dada wa kaunta akaniuliza natafuta nini nimsaidie. Nikaona haya kumwambia kwamba natafuta wafungwa.

Nilirudi Kikuyu nikiwa nimejifunza somo, au nilidhani hivyo: mambo ya kwenye runinga ni ya uongo, anwani zake pia ni za uongo. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari naandika habari kwa ajili ya mkate wangu, nikasoma kwamba tovuti ile ilitengenezwa kweli. Watu wa tamthilia waliisajili na kuweka ukurasa kwa ajili ya watazamaji kama mimi. Kikaratasi ninacho hadi leo ndani ya daftari la zamani. Nilikitoa nikakiangalia. Niliandika “europian”.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kuhusu anwani za kubuni. Mtunzi anapomwekea mhusika wake namba ya simu, sanduku la posta au tovuti, amechora mlango ukutani. Wengi watapita tu. Lakini yupo atakayebisha hodi.

Wamarekani walilijua tatizo hili mapema kupitia simu. Ukitaja namba yoyote kwenye filamu, kesho yake kuna mama mmoja mahali fulani hapati usingizi kwa kupigiwa na watu asiowajua. Ndiyo maana simu za kwenye filamu zao huanza na 555, na namba kuanzia 555-0100 hadi 555-0199 zikatengwa kwa kazi hiyo. Intaneti ilipoingia, wahandisi wake wakafanya jambo kama hilo. Juni 1999 walitenga majina machache, example.com likiwemo, yasiweze kununuliwa na mtu yeyote, ili wanaoandika vitabu vya maelekezo wawe na anwani ya mfano isiyomsumbua mtu. Hiyo ndiyo njia ya kwanza: unachora mlango halafu unahakikisha nyuma yake kuna ukuta mtupu.

Tatizo la jina la tovuti ni kwamba halina mwenyewe mpaka mtu alilipie. Desemba 2006 Conan O'Brien, mtangazaji wa kipindi cha usiku cha NBC, alitamka kwa utani jina la tovuti ambayo haikuwepo, jina lenyewe la aibu kidogo. Kituo kikashtuka. Mtu yeyote angeweza kulinunua usiku uleule na kuweka uchafu wake, na watazamaji wangeamini ni wa NBC. Wakalinunua wao kwa dola 159, kisha wakaijenga tovuti yenyewe kama sehemu ya utani.

Wengine waliamua tangu mwanzo kumweka mtu nyuma ya mlango. Mwaka 2003, katika katuni ya The Simpsons, Homer alitaja anwani yake ya barua pepe. Mwandishi wa sehemu ile, Matt Selman, alikuwa ameshaifungua mwenyewe kabla haijarushwa. Ilipotajwa tu, sanduku likafurika. Akakaa anawajibu watu kwa sauti ya Homer. Mwaka 2005 BBC walirudisha Doctor Who, na katika sehemu ya kwanza kuna mwanamume anayekusanya habari za Doctor kwenye tovuti yake. Tovuti hiyo BBC waliiweka hewani kweli. Na mwaka 2009, katika Breaking Bad, kijana anamfungulia tovuti baba yake mgonjwa wa saratani ili watu wachangie matibabu. Nayo ilikuwepo, na aliyebonyeza sehemu ya kuchangia alipelekwa kwenye shirika halisi la mambo ya saratani. Hadithi ya uongo, ugonjwa wa kweli, fedha ya kweli.

Lakini anwani iliyonifundisha zaidi ni ya kabla ya tovuti. Mwaka 1975 huko Meksiko, Miguel Sabido alitengeneza tamthilia ya runinga iitwayo Ven Conmigo, kuhusu watu wazima wanaojifunza kusoma. Siku moja watazamaji wakaambiwa ni wapi vitabu vya masomo hayo vinapatikana. Palikuwa mahali halisi katikati ya Mexico City. Kesho yake watu wapatao 25,000 walifika pale. Foleni ya magari ikafunga mji. Waliochora mlango hawakutegemea kwamba nchi nzima ingebisha kwa siku moja.

Njia ya Sabido ndiyo iliyokuja kwetu kwa sauti ya redio. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, nusu saa jioni. Mkwaju ni dereva wa lori mwenye mpenzi kila kituo. Mkewe Tunu anavumilia, kisha anachoka, anaondoka na kuanza kujitegemea. Mkwaju anaishia kuugua UKIMWI. Haikuwa na tovuti, haikuwa na namba ya simu. Mlango wake ulikuwa kliniki ya uzazi wa mpango iliyo karibu na wewe, na watu waliingia. Wateja wapya walipoulizwa wamesikia wapi habari hizi, wengi waliutaja mchezo wa redio.

Mama mdogo alikuwa akiishi Morogoro miaka ile. Mama anasimulia kwamba alipokuja Dodoma kututembelea hakuwa na habari nyingine ila Mkwaju: Mkwaju kafanya hivi, Tunu kasema hivi, mwanaume yule hatafika mbali. Nyumbani wakampa pole. Walidhani Mkwaju ni jirani yake.

Kwa nini hawakumjua? Redio walikuwa nayo. Jibu nimelikuta ukubwani, katika utafiti uliochapishwa 1999, ambao miongoni mwa waandishi wake ni Peter Vaughan na Everett Rogers, bingwa wa taaluma ya jinsi mambo mapya yanavyosambaa katika jamii. Ili wapime kama mchezo unabadilisha watu, walihitaji eneo moja lisilousikia, wapate kulinganisha. Eneo hilo lilikuwa Dodoma. Kuanzia 1993 hadi 1995, wakati mitambo mingine ikirusha Twende na Wakati, mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vya hapa hapa. Mwaka 1995 nasi tukafunguliwa. Utafiti ukaonyesha kwamba waliosikia mchezo waliongezeka kutumia uzazi wa mpango kuliko sisi, na sisi tulipousikia, tukaongezeka pia.

Nimeusoma utafiti huo mara kadhaa na kila mara nabaki na mawazo mawili. Moja, siwezi kuwalaumu. Kama wasingelinganisha, hakuna ambaye angejua kwamba hadithi ya redio inaweza kufanya kazi ya daktari, na michezo mingi iliyofuata isingepata fedha. Pili, ile ilikuwa miaka ya UKIMWI, na malori ya akina Mkwaju yalipita hapa hapa Dodoma yakielekea bara. Yupo mtu, sijui ni wa Kikuyu au wa Chang'ombe, ambaye angemsikia Tunu mwaka 1994 akaamua jambo. Kwa miaka miwili kwenye ukuta wetu haukuchorwa mlango wowote.

Waliokuja baadaye walikwenda mbali zaidi. Februari 2010 huko Nairobi kulianza Shujaaz, kitabu cha katuni kwa Sheng pamoja na kipindi cha redio. Mhusika mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule, hana kazi, na amejitengenezea kituo cha redio cha kuiba mawimbi chumbani kwake. Boyie hayupo duniani. Lakini ukurasa wake wa Facebook ulikuwepo, na namba yake ya ujumbe mfupi ilikuwepo, na vijana walimwandikia kama rafiki: nimekosa ada, nifuge kuku, mpenzi wangu ana mimba. Na walijibiwa, maana nyuma ya Boyie kulikuwa na watu waliolipwa kujibu. Mwaka 2015 wakaja Tanzania, na huku kijana wetu akaitwa DJ Tee.

Kuna watakaosema huo ni udanganyifu, kijana anamweleza siri zake mtu asiyekuwepo. Mimi nadhani swali ni je, anayejibu anajibu kwa uaminifu? Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotaka wenye blogu walipe ada na leseni ya zaidi ya shilingi milioni mbili, blogu kadhaa nilizozizoea zilizimwa. Anwani zilikuwa halisi, waandishi wake nawafahamu kwa sura, na nilipobisha hakuna aliyeitikia. DJ Tee wa kuchora alikuwa anajibu.

Kwa hiyo nina ombi kwa waandishi wetu wa tamthilia, ambao siku hizi ni wengi na wazuri. Ukimpa mhusika wako tovuti, isajili. Ukimpa namba ya simu, nunua laini, mpe mtu aishike. Kama huwezi, basi mhusika aseme tu “nitakutumia”, na picha ihamie kwingine. Usimchoree mtu mlango halafu ukaondoka, kwa sababu huwezi kujua ni nani ameona na amebeba shida gani. Mimi nilikuwa natafuta wafungwa tu. Mwingine atatembea mpaka mjini na kikaratasi chake akitafuta dawa.

Na wewe mtazamaji, hakikisha tahajia.