Butega: Vikuku Vilivyogeuka Fedha Kando ya Ziwa Kivu

Butega ni vikuku vyembamba vilivyosukwa kwa mkono kutokana na nyuzi za mimea ya msituni, na kuvaliwa miguuni na wanawake wa nchi zinazolizunguka Ziwa Kivu. Mwanamke mwenye uwezo alivipanga kwa wingi kutoka kwenye kifundo cha mguu kuelekea gotini, hata mwendo wake ukawa wa taratibu.

Wasukaji mashuhuri walikuwa Batembo, wakazi wa msitu wa miteremko ya magharibi ya milima ya Mitumba: Ufamandu kusini mwa Masisi, Ziralo na Bunyakiri katika Kalehe, na sehemu za Walikale. Msitu uliwapa malighafi na wao wenyewe walikuwa na ujuzi, lakini ng'ombe na mbuzi walikuwa wengi zaidi upande wa mashariki. Ufuko wa magharibi wa ziwa uliunganisha nchi ya msitu na nchi ya mifugo, ambazo zilihitajiana.

Katika karne ya 19 butega zilishuka milimani, zikapita mikononi mwa Bahavu, watu wa ufukoni, zikavushwa kwa mitumbwi hadi kisiwa cha Ijwi na Kinyaga, kusini-magharibi mwa Rwanda. Mifugo na vyakula vilirudi magharibi. Majembe ya chuma nayo yalikuwa bidhaa kubwa ya biashara hiyo. Mwanahistoria David Newbury, aliyefanya utafiti Ijwi miaka ya 1970, ameeleza jinsi vikuku hivi vilivyokuwa kipimo cha thamani katika masoko ya ziwa.

Sababu zinaeleweka. Butega zilikuwa nyepesi kubeba, hazikuoza upesi, zilifanana, tena zilihesabika kwa mafungu: mafungu mengi kwa mnyama, machache kwa chakula. Zaidi ya hayo, kila aliyevaa alipunguza zilizokuwa sokoni, hivyo mahitaji hayakukatika. Linalostahili kutazamwa kwa heshima ni kwamba hakuna mfalme aliyeamuru fedha hii. Thamani yake ilitoka kwenye vidole vya wasukaji na tamaa ya wavaaji, na ilikubalika kwa watu wa lugha na tawala mbalimbali.

Ukoloni ndio uliovuruga mpango huo. Mjerumani von Götzen alifika ziwani mwaka 1894. Mapatano ya 1910 yaliligawa ziwa: Ijwi ikawa ya Wabelgiji, Kinyaga ikabaki kwa Wajerumani, na njia ya zamani ya mitumbwi ikawa inavuka mpaka wa dola mbili. Kodi ilidaiwa kwa sarafu za kikoloni, na vitambaa na shanga kutoka nje vikaingia masokoni. Butega zilipoteza kwanza kazi ya fedha. Kama pambo zilidumu zaidi: picha zilizopigwa Rwanda katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 bado zinaonyesha miguu ya wanawake iliyofunikwa na vikuku vya nyuzi.