Project Euler na Google Translate: neno moja linaharibu hesabu nzima

Project Euler ni ukurasa wa intaneti wenye kutoa mafumbo ya hesabu ya kufanya kwa kompyuta. Ulianzishwa mwaka wa 2001 na Colin Hughes, mwalimu wa hesabu wa Uingereza. Jina linatoka kwa Leonhard Euler, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Basel, Uswisi, mwaka wa 1707. Leo mafumbo yamepita 900, na yote ni ya bure. Mtu anasoma swali, anaandika programu yake kwa Python ao luga ingine yoyote ya kompyuta, na jibu ni namba moja tu. Yule anayetaka jibu lake lipimwe anapaswa kwanza kufungua akaunti.

Shida ni kwamba maswali yameandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Bukavu, Beni ao Bunia amesoma hesabu kwa Kifaransa, kwa hiyo wengi watapitia Google Translate. Chombo hicho kilianza mwaka wa 2006. Kiswahili kiliingia mwaka wa 2009, na Lingala ikangoja mpaka 2022. Kwa kusoma barua ao habari kinasaidia kweli. Kwa hesabu, kuna mitego.

Tuchukue swali la kwanza kabisa. Linaomba kujumlisha namba zote zilizo chini ya 1000 zenye kugawanyika kwa 3 ao kwa 5. Chini ya 1000, maana yake 1000 yenyewe haimo. Kama tafsiri inasema «mpaka 1000», mwanafunzi ataiingiza, juu inagawanyika kwa 5, na jibu litazidi kwa 1000 kamili. Programu itatembea vizuri, kompyuta haitalalamika, lakini jibu litakataliwa. Mtu anaweza kukesha akitafuta kosa ndani ya programu, kumbe liko kwenye tafsiri.

Dawa iko ndani ya swali lenyewe. Linatoa mfano mdogo: chini ya 10 kuna 3, 5, 6 na 9, jumla 23. Programu ikitoa 33, basi 10 imeingia. Huo mfano ndio wa kupima tafsiri kwanza, mbele ya kupima programu.

Lakini mfano hauoneshe kila kosa. Anayejumlisha za 3 peke yake, kisha za 5 peke yake, atahesabu 15 mara mbili, na chini ya 10 hakuna 15. Ajaribu chini ya 20, kwa kalamu: 3, 5, 6, 9, 10, 12, 15 na 18 zinafanya 78. Akipata 93, kosa ni hilo.

Namba kubwa nazo zinadanganya. «Billion» ya Kiingereza ni miliari yetu, yaani 1 na sifuri 9. Kwa Kifaransa «billion» ina sifuri 12. Tafsiri ya Kiswahili inaandika «bilioni» kwa maana ya Kiingereza, na mtu wa huku anaisoma kwa maana ya Kifaransa. Hata alama ndogo: 1,000 ya Waingereza ni elfu moja, lakini kwa Kifaransa hiyo ni moja tu.

Kwa hiyo, kwa hesabu, afazali kutafsiri kwenda Kifaransa, luga ambayo maneno yake ya darasani yanajulikana. Kiswahili cha mashine kinafuata zaidi kile cha Tanzania na Kenya; neno kama «vigawe» litamsimamisha mwanafunzi wa Goma. Kiingereza na Kifaransa vinaweza pia kupakuliwa kwenye simu, siku mega zipo, na kutumika bila intaneti.

Jibu la swali la kwanza halitolewe hapa. Wenye Project Euler wanaomba watu wasisambaze majibu. Kwa mafumbo 100 ya kwanza tu wanaruhusu kuelezea wengine njia ya kuyafanya.