Kesi Iliyofutwa Si Kesi ya Uongo

Kesi ya ubakaji ikifutwa, barazani Nyakato kama kwingineko Mwanza jibu huwa tayari: "Alibambikiwa." Shaka hiyo ina umri mkubwa kuliko mitaa inayoandama barabara ya Musoma. Pamoja na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, Waingereza walileta Tanganyika mazoea ya mahakama zao: hakimu ajihadhari na neno la mwanamke aliyebakwa mpaka apatikane wa kuliunga mkono. Aliyeibiwa ng'ombe hakuwekewa tahadhari hiyo. Uingereza iliacha kuilazimisha mwaka 1994. Tanzania ilifuata mwaka 1998 kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoruhusu mshtakiwa atiwe hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu zake.

Wapo wanaouliza: miaka 30 jela kwa neno la mtu mmoja? Hofu yao si ya kubezwa, kwani kubambikiana kesi kupo. Lakini kuaminika si kuaminiwa kibubusa. Katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika. Katika lile la Mohamed Said ikaonya kwamba neno lake si msahafu, lazima lipimwe. Kipimo kimojawapo, kilichokaziwa katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, ni shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema.

Na hapo ndipo mtaa unapoharibu ushahidi. Kabla binti hajafika kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya uchunguzi wa kitabibu, na kuipeleka hospitali ya Sekou Toure au Bugando, wazee wameshaketi kusuluhisha. Mtuhumiwa ni shemeji, au mpangaji wa chumba cha pili, au baba mwenye nyumba. Basi yaishe nyumbani. Siku zinapita, nguo zinafuliwa, fedha za suluhu zinapokewa na baba wa binti. Kesi ikifunguliwa, binti huulizwa mbona alichelewa. Mashahidi wasipotokea, kesi hufutwa. Mtaa ulionunua kimya chake ndio unaomwita mwongo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu wasichana 3 katika kila 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na takriban nusu yao hawakumwambia mtu yeyote. Anayehesabu waliosema uongo na kuwaacha walionyamaza amehesabu upande mmoja.

Itasemwa kwamba suluhu ya wazee hulinda undugu, tena humwepusha asiye na hatia na rumande. Undugu gani, iwapo binti ataendelea kumwandalia chakula aliyembaka? Na huyo asiye na hatia hapati anachokihitaji. Akilipa ili yaishe, amekiri mbele ya mtaa mzima, wala hakuna ushahidi uliopimwa wa kumsafisha. Kikao cha ndani kinamfaa mmoja tu: aliyetenda.