Katamarani na Mabaharia Wawili

Wavuvi wa Kyavinyonge, ambao samaki wao wa Ziwa Edward huuzwa Butembo na Beni, hutumia chombo chenye tumbo moja. Pwani, ngalawa huwekewa matengo pande mbili isipinduke. Katamarani, ambayo jina lake limetokana na neno la Kitamil lenye maana ya magogo yaliyofungwa pamoja, huunganisha matumbo mawili yaliyo sawa.

Uwezo wake ulidhihirika New York mwaka 1876, pale Amaryllis ya Nathanael Herreshoff ilipozishinda mashua za kawaida, kisha ikakatazwa kushindana nazo. Ushindi wenyewe ukawa kosa! Miaka 100 baadaye Tornado, chombo cha watu wawili, iliingizwa katika Michezo ya Olimpiki, ikadumu humo hadi 2008. Hata hivyo upana wake wa mita 3 na kasi yake vyahitaji mikono iliyokwisha kuzoeana.

Kwa wanaoanza, Hobie 16, iliyotokea mwanzoni mwa miaka ya 1970, yafaa zaidi. Matumbo yake, yaliyotuna upande wa ndani na kunyooka upande wa nje, hayahitaji ubao wa kuteremshwa majini. Hivyo hupandishwa mchangani kama ngalawa. Kasoro yake ni kuchovya omo upepo wa nyuma uzidipo, na hapo mabaharia wote wawili hawana budi kukimbilia tezini.