Nasaba ya Kilwa ndani ya chembe hai

Mgeni avukaye maji kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani huonyeshwa gereza, kisha msikiti mkuu, kisha Husuni Kubwa, na aghalabu husimuliwa habari za yule mwana wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo iliyotosha kukizunguka chote. Tarehe ya kale ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros alichapa khulasa yake mwaka 1552, yawataja masultani baba kwa mwana; ama mama waliowazaa, hao karibu wote imewaacha bila jina. Athari yao ilikuwa imehifadhiwa pahali pengine, ndani ya meno na mifupa ya waliozikwa.

Ili kufahamu jinsi meno na mifupa iwezavyo kuwataja mama hao, yafaa kwanza kuijua chembe hai. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitia ubale mwembamba wa gamba la mti chini ya hadubini, akaona vijumba vilivyopangana kama sega la nyuki, akaviita kwa jina la chumba, na ndiyo asili ya neno seli, ambayo sisi twaiita pia chembe hai. Mwaka 1831 Robert Brown akakipa jina kiini kilichomo. Na mwaka 1839 Theodor Schwann, akifuata yale Matthias Schleiden aliyoyanena juu ya mimea, akaeleza kwamba wanyama nao wamejengwa kwa chembe hizo.

Aina zake kuu ni mbili: zisizo na kiini, kama bakteria, ambaye chembe moja yamtosha kuwa kiumbe kamili, na zenye kiini, ambazo ndizo zilizoujenga mkoko, pweza na mwanadamu. Lakini lililo la ajabu zaidi limo nje ya kiini, nalo ni mitokondria, vijichembe vigeuzavyo chakula kuwa nguvu, ambavyo wataalamu wanaona asili yake ni bakteria aliyeingia katika chembe nyingine dahari nyingi zilizopita, akafanya humo maskani. Mitokondria zina DNA yake zenyewe, nayo mtoto huirithi kwa mamaye. Ilhali kromosomu Y, iliyomo katika kiini, mwana wa kiume huipata kwa babaye.

Basi Machi 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa Chapurukha Kusimba, David Reich, Esther Brielle na wenzao, ambao kwa unga kidogo wa meno na mifupa walisoma urithi wa watu 80 wa kati ya mwaka 1250 na 1800, wakiwamo waliozikwa Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Wakaona ya kuwa katika miji ya pwani damu ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na kwamba kuchanganyika kulianza takriban mwaka 1000, hata habari ya Shirazi ikapata shahidi. Ila kwa wengi zaidi ya nusu ya urithi ilikuwa ya Kiafrika, nayo ilitoka hasa kwa wanawake.

Kwa hiyo nawaomba wanaowaongoza wageni Kisiwani, wakiisha kuisimulia nguo ya yule Mshirazi, wasiondoke pale makaburini kabla ya kuwataja wanawake wenyeji waliompokea.